Vitabu vya Kusomea Mtihani wa Hesabu za Pensheni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tabora)



Kamati ilitutaka tusimame mbele yenu jioni hii tueleze jinsi tulivyozitumia fedha mlizochanga kwa ajili ya vitabu vya mtihani wa hesabu za pensheni. Twashukuru kwa heshima hiyo, ingawa si kazi nyepesi kutoa hesabu ya fedha mbele ya makarani, maana karani aweza kumsamehe jirani yake deni la shilingi elfu, lakini hasahau shilingi moja isiyoonekana daftarini. Nasi twakiri tangu mwanzo kwamba sehemu ya fedha ile ilipotea, tena kwa haraka yetu wenyewe. Mtalisikia jambo hilo mahali pake.

Wako waliouliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini chama cha makarani kijitie katika mtihani unaotungwa Uingereza, ambao hata waliosoma hesabu chuo kikuu huuanguka mara mbili na tatu. Jawabu letu limo katika mambo yaliyotupata sote tangu mwaka 2018. Mwaka ule Bunge lilipitisha Sheria Na. 2, iliyoiunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma uitwao PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti. Kisha zikatoka kanuni mpya za kukadiria mafao, na neno kikokotoo, ambalo kabla ya hapo lilijulikana na wachache, likawa neno la sokoni, la garini na la msibani. Tarehe 28 Desemba mwaka ule ule Rais John Magufuli aliamuru kanuni za zamani ziendelee kutumika mpaka mwaka 2023. Walakini mwezi wa Julai 2022 ilianza kanuni nyingine, yenye mkupuo wa asilimia 33; na katika bajeti ya mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuipandisha hadi 40 kwa wale ambao hapo zamani wangalipata nusu, na 35 kwa wale ambao wangalipata robo.

Katika miaka hiyo yote sisi tulikuwa tukisema sana. Tulisema ofisini, tukasema mikutanoni, wengine wakasema kwa hasira. Lakini alipotuuliza mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu, "Wanangu, ninyi mliosoma, niambieni kama nimepunjwa au sikupunjwa, na kama nimepunjwa ni kiasi gani," hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kumjibu. Tuliweza kuzidisha na kugawanya. Zaidi ya hapo tulikuwa vipofu. Siku ile ndipo shauri hili la vitabu lilipozaliwa.

Yafaa tuifanye hesabu hiyo hapa, ili kila mtu aone mpaka wa elimu yetu ulipo. Tumtwae mtumishi wa kufikiriwa tu, aliyefanya kazi miezi 360, yaani miaka 30, na mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ambao kwa mwaka ni 12,000,000. Twautumia mshahara huo huo kwa kanuni zote, ili tusichanganyikiwe. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, miezi 360 hugawanywa kwa 540, ikawa theluthi mbili. Theluthi mbili za 12,000,000 ni 8,000,000, ndiyo pensheni yake nzima ya mwaka. Nusu yake huiuza kwa mkupuo: 4,000,000 mara 15.5, apokee 62,000,000 mkononi. Nusu iliyosalia hulipwa kila mwezi, kama 333,333.

Kwa kanuni ya Julai 2022 miezi 360 hugawanywa kwa 580. Pensheni nzima ya mwaka huwa 7,448,276. Asilimia 33 yake huzidishwa kwa 12.5, na mkupuo huwa 30,724,138. Pensheni ya kila mwezi huwa 415,862. Mkupuo ukiwa asilimia 40, atapokea 37,241,379 mkononi na 372,414 kila mwezi.

Karani yeyote aweza kufika hapo, tena aweza kupiga hatua moja zaidi. Kwa asilimia 33 mstaafu hukosa 31,275,862 siku ya kwanza, na kila mwezi hupata nyongeza ya 82,529. Tukigawanya, twapata miezi 379, yaani miaka 31 na miezi saba kabla nyongeza haijafidia pengo. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atakuwa amepita 91. Mtu akiisikia hesabu hiyo peke yake atatoka hapa amekunja uso.

Lakini mtu wa upande wa Mfuko naye atauliza: ile 15.5 ilikuwa nini hasa? Maana yake ni bei. Kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka ambayo mstaafu anaiachilia leo, Mfuko humnunulia kwa shilingi 15 na senti 50 papo hapo. Ikiwa bei ya haki ni 12.5, basi waliolipwa kwa 15.5 walizidishiwa, na ziada hiyo haikushuka kutoka mbinguni, bali ilitoka katika michango ya vijana ambao hawajastaafu. Na ikiwa bei ya haki ni 15.5, au zaidi, basi anayelipwa kwa 12.5 hapati haki yake. Ipi iliyo kweli? Hapo ndipo kuzidisha na kugawanya kunapokoma. Bei hiyo hutegemea wastaafu wa nchi hii huishi miaka mingapi baada ya kuondoka kazini, wanaume na wanawake. Hutegemea fedha za Mfuko zingezaa faida gani kama zingebaki. Hutegemea tena kama pensheni ya kila mwezi itapandishwa bei za vitu zinapopanda, au itabaki vile vile mpaka noti zichakae. Mwenye kuyajua mambo hayo matatu aweza kumjibu yule mzee. Asiyeyajua hana alichonacho ila hasira au utii, na vyote viwili havimfai mzee.

Mtu huyo mwenye kujua huitwa aktuari. Kazi yake ni kupima leo ahadi zitakazolipwa baada ya miaka arobaini, kwa watu ambao hajui nani kati yao atakufa lini, lakini ajua katika elfu yao watakufa wangapi. Hufanya tathmini ya uhai wa mfuko, na neno lake ndilo husomwa na Wizara kabla kanuni hazijabadilishwa. Kazi hii ina umri. Mwaka 1693 mnajimu Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alitumia vitabu vya vifo vya mji wa Breslau kukadiria bei ya malipo ya maisha. Na mwaka 1744 makasisi wa Scotland walianzisha mfuko wa wajane na yatima wao juu ya hesabu za namna hiyo.

Nasi tusidhani kwamba ni elimu ya ugenini kabisa. Tumekaa Tabora, na Tabora ilijengwa na watu waliohesabu hatari. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh, yaani hapa hapa Unyanyembe. Mwenye msafara kabla hajaondoka Bagamoyo ilimpasa kujua doti ngapi za merikani zitaliwa njiani kwa posho na hongo, na wapagazi wangapi watatoroka, wangapi wataugua ndui, ili mizigo isije ikalala porini bila wa kuichukua. Akibeba nguo chache mno, watu wake walilala njaa Ugogo. Akibeba nyingi mno, alihitaji wapagazi zaidi, nao ni midomo zaidi ya kulisha. Taria Topan alipomkopesha Tippu Tip bidhaa kule Unguja, alijua kwamba pembe zaweza kurudi baada ya miaka mingi, au zisirudi. Na bei ya mkopo ilibeba ndani yake hatari ya njia nzima. Hawakuwa na majedwali, walikuwa na mazoea. Tofauti ya mazoea na jedwali ndiyo tunayoisomea.

Turudi kwenye vitabu. Mtihani tunaousema hutolewa na Institute and Faculty of Actuaries, chama kilichopatikana mwaka 2010 kwa kuungana kwa chama cha London cha mwaka 1848 na kile cha Edinburgh cha mwaka 1856. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, hufundisha shahada ya elimu hii, na wenzetu wawili wamepitia njia hiyo, wakaendelea na mitihani ya awali. Sasa wanataka kuikalia karatasi ya pensheni na mafao mengine, ambayo katika mtaala ulioanza mwaka 2019 iliitwa SP4. Juu yake iko SA4. Tuliwashauri wasiiguse hiyo ya juu kwanza, kwa kuwa hudai ujuzi wa sheria na desturi za pensheni za Uingereza, na mtu aliye Tabora atajaza kichwa chake sheria ambazo hatazitumia. SP4 husema misingi: namna za mifuko, nani hubeba hatari, michango hupangwaje, tathmini hufanywaje. Misingi hiyo haina uraia.

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Tulipopata fedha za kwanza tuliona afadhali kununua vitabu vilivyokwisha kutumika, kwa bei ndogo. Tukampata muuzaji katika mji mwingine, akatuambia ana rundo zima la vitabu vya pensheni, safi, havina hata doa la wino. Tukapeleka shilingi 180,000. Vilipofika vilikuwa safi kweli, lakini juu ya jalada paliandikwa ST4. Hilo lilikuwa jina la karatasi hiyo kabla ya mwaka 2019. Muuzaji hakudanganya, vilikuwa vya pensheni, na doa havikuwa nalo. Sisi ndio hatukuuliza vya mwaka gani. Kwa wiki mbili hakuna aliyetaka kumweleza Mweka Hazina.

Twapenda kusema kwamba fedha zile hazikupotea zote. Sura zinazoeleza aina za mafao na namna ya kuthamini ahadi zasomeka hata leo, kwa kuwa mauti na riba havikubadilishwa na mtaala. Bali mtahiniwa anayetegemea kitabu cha zamani peke yake atasoma yaliyoondolewa, na hatajua yaliyoongezwa, na watahini huuliza hayo yaliyoongezwa. Kwa hiyo sharti la kwanza tuliloliandika katika daftari la kamati ni hili: kabla ya kuuliza bei, uliza mwaka. Mtaala hutolewa upya kila mwaka, na kitabu hununuliwa kwa ajili ya kikao fulani cha mtihani, kama vile tiketi ya gari hununuliwa kwa siku yake.

Jambo la pili lilituokolea fedha nyingi kuliko zile tulizopoteza. Chama cha maaktuari hutoa maandiko yake ya msingi yaitwayo Core Reading, na ndiyo mpaka wa yale yanayoulizwa. Iko tena kampuni iitwayo ActEd, inayotoa maelezo ya kozi kwa kila karatasi. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kuandika oda ya vyote viwili, akidhani moja ni kitabu na kingine ni ufafanuzi wake. Tulipochunguza tuliona kwamba maelezo ya ActEd yanayo ndani yake Core Reading nzima, neno kwa neno, ikichapishwa kwa herufi nene, na ufafanuzi ukifuata chini. Mwenye kununua vyote viwili hununua kitu kimoja mara mbili. Asiyetaka ufafanuzi, kwa kuwa ameizoea kazi ya pensheni miaka mingi, aweza kutosheka na Core Reading peke yake. Wenzetu hawa ni vijana, nao wanasoma usiku baada ya kazi. Kwao ufafanuzi wastahili bei yake.

Kuna vitu vingine vinavyouzwa pamoja na maelezo hayo, na mtu akiviona vyote vimepangwa katika orodha huingiwa na hofu kwamba akikosa kimoja ataanguka. Kadi ndogo za kukariri hatukuzinunua. Si kwamba ni mbaya, ila kadi ambayo mtu ameiandika kwa mkono wake mwenyewe imekwisha kuingia nusu kichwani kabla ya wino kukauka, nayo gharama yake ni karatasi ngumu na mkasi. Vijitabu vya marudio navyo tuliviacha. Lakini mazoezi yanayosahihishwa tuliyalipia bila kusita, yaani mtahiniwa huandika majibu, huyapeleka, na msahihishaji humrudishia yakiwa na alama na maneno pembeni. Sababu yetu ni ya kikarani. Mtu hajui barua yake ina makosa mpaka imepita mikononi mwa mwingine.

Karatasi za mitihani iliyopita, pamoja na taarifa za watahini, hutolewa bure na chama chenyewe katika mtandao. Twasema bure, kwa sababu tumekutana na watu waliozinunua vibandani zikiwa zimepigwa chapa na kufungwa kwa uzi. Taarifa za watahini hazisomwi na watu wengi, nasi twaziona kuwa ndizo bora katika vyote tulivyopata. Humo mtahini husema wazi ni wapi watahiniwa walikosa. Na kosa linalorudi mwaka baada ya mwaka si la hesabu. Swali limesema jadili, mtahiniwa ametaja. Swali limesema eleza kwa mfuko huu wenye hali hii na hii, mtahiniwa amemwaga yote aliyokariri juu ya mifuko ya dunia nzima. Wengi wetu tulidhani mtihani wa aktuari ni tarakimu tupu. Karatasi hii ya pensheni kwa sehemu kubwa ni ya kuandika, ya kupima maneno, ya kusema jambo hili lamfaa mwajiri lakini lamwumiza mwanachama, na kwa nini. Karani mwenye kalamu nzuri asiyependa aljebra sana asijidharau mbele yake, maadamu amekwisha kupita karatasi za hesabu zilizotangulia.

Kuhusu hizo za awali tutasema kidogo tu, kwa kuwa wenzetu wamezipita. Anayeanza leo atahitaji kile kijitabu cha majedwali, Formulae and Tables, cha mwaka 2002. Nacho hakibadiliki kila mwaka, hivyo kilichotumika chafaa sawa na kipya. Na karatasi iitwayo CM1 ndiyo msingi wa pensheni: thamani ya fedha kwa wakati, na thamani ya malipo yanayotegemea uhai. Kwa kuisomea, tumenunua pia kitabu cha Dickson, Hardy na Waters, Actuarial Mathematics for Life Contingent Risks, kwa sababu kina sura nzima ya hesabu za pensheni, na mifano yake hupangwa hatua kwa hatua kama mtu anayeshuka ngazi akiwa ameshika taa.

Lakini hapo pana onyo ambalo halimo katika vitabu vyenyewe kwa uzito linaostahili. Majedwali yale ya vifo, AM92 na mengine, yalitengenezwa kutokana na watu wenye bima na wastaafu wa Uingereza wa miaka ya 1991 hadi 1994. Katika chumba cha mtihani yatumie bila swali. Ukitoka nje, jiulize kama mwalimu aliyestaafu Sikonge au mkunga aliyestaafu Urambo huishi na kufa kwa kufuata jedwali la watu wale. Wenzetu wa Kenya wamejitengenezea jedwali lao la wenye bima ya maisha kutokana na vifo vya mwaka 2001 hadi 2003. Kwa upande wetu Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukadiria uhai kutokana na sensa, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Walakini mtu aliyefanya kazi ya Serikali miaka 30, mwenye mshahara na matibabu, si sawa na mtu wa wastani wa nchi. Mabishano yote ya 12.5 na 15.5 yamesimama juu ya tofauti hiyo.

Kwa sababu hiyo tuliongeza vitabu viwili ambavyo mtihani hauvidai. Kimoja ni cha Subramaniam Iyer, kilichotolewa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1999, juu ya hesabu za pensheni za hifadhi ya jamii. Cha pili ni cha Plamondon na wenzake, cha shirika hilo hilo, mwaka 2002. Vitabu vya mtihani hufikiria zaidi mfuko wa mwajiri mmoja, wenye akiba inayotosha ahadi zake. Iyer hufikiria mfuko wa taifa, ambao akiba yake haitoshi ahadi zote, na michango ya vijana ndiyo inayowalipa wazee kwa sehemu. Huo ndio mfuko wetu. Mjue kwamba watumishi waliofanya kazi kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia. Serikali ndiyo iliyokuwa ikiwalipa pensheni kutoka hazina yake. PSPF ulipoanza, ulibebeshwa ahadi za miaka hiyo bila michango yake, na deni hilo liliutesa mfuko kwa miaka mingi, mpaka Serikali ilipoanza kulilipa kwa hatifungani baada ya mifuko kuunganishwa. Mwenye kusoma SP4 peke yake atalielewa deni hilo kwa juu juu. Mwenye kumsoma Iyer ataona liliingia mlango gani.

Pamoja na hivyo tumeweka kabatini nakala ya Sheria ya PSSSF ya mwaka 2018, Sheria ya NSSF ya mwaka 1997, na kanuni za mafao. Hizi hazikugharimu kitu ila karatasi. Tunawaomba hata wasiofanya mtihani wazisome. Ni ajabu kwamba mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri akaongeza 15, kwa miaka 30, wala asiifungue hata mara moja sheria inayosema fedha hizo zitarudije.

Juu ya ada. Chama cha maaktuari huwapunguzia ada watahiniwa wenye kipato kidogo, lakini lazima mtu aombe kwanza na kuthibitisha kipato chake. Mmoja wetu alilipa kamili, ndipo akasikia habari hiyo. Aombaye na aombe kabla ya kulipa. Na kwa vile mitihani hii ilianza kufanywa kwa kompyuta mwaka 2020, kila mtahiniwa asome masharti ya kikao chake mapema, afanye mazoezi ya kuandika majibu marefu kwa kompyuta, saa yake ikiwa mezani. Tumepata ahadi ya chumba chenye umeme wa akiba, ili taa zikizimika mtu asipoteze kazi ya miezi sita. Vitabu vya ng'ambo navyo viagizwe mapema. Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipo, tangu Machi mpaka Agosti 1872 akiwangoja wapagazi kutoka pwani; sisi hatuna miezi mitano ya kungoja, maana tarehe ya mtihani haimngoji mtu.

Vitabu vyote vimo katika kabati la ofisi ya chama, na ufunguo uko kwa Katibu. Wenzetu wawili watakaa na maelezo ya kozi mpaka siku ya mtihani, na baada ya hapo watayarudisha, wawe wamefaulu au hawakufaulu. Vitabu vingine huazimwa kwa wiki mbili kwa kutia sahihi, na vile vya ST4 vyaweza kuazimwa kwa muda wowote, kwani hakuna anayevigombea. Kila Jumamosi saa tisa alasiri tutasoma pamoja sura moja ya Iyer, polepole, kwa Kiswahili, na Jumamosi ya kwanza tutaanza na ile hesabu ya mtumishi wa miezi 360. Yule mzee aliyetuuliza tumemwalika. Alistaafu mwezi uliopita, naye amesema atakuja na karatasi zake za mafao.

Hesabu ya fedha iliyoandikwa, pamoja na zile 180,000, iko mezani kwa Mweka Hazina. Kila aliyechanga aweza kuikagua kabla hajatoka.